Bibi Crutchfield na Fujo Zenye Adabu

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Port Lathrop, jimbo la Ohio, waliochoma na waliochomewa, kwamba Bibi Vernelle Crutchfield wa Mtaa wa Pomeroy amechunguzwa na Tume ya Meya ya Kutafuta Chanzo cha Hasira, akahojiwa, akapigwa picha ya mbele na ya ubavuni, na kuthibitishwa rasmi kuwa mtulivu. Serikali ya mji inampongeza. Wasio watulivu wanaombwa wamtazame na kumwiga.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye nguzo za taa mwezi Agosti mwaka 1968, na sisi tunaomfahamu tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mtulivu nani? Huyu aliyemkimbiza wakala wa bima kwa ufagio kwa sababu alikanyaga nyasi? Huyu ambaye mchungaji mwenyewe huvuka barabara akimwona amesimama na mkasi wa kukatia majani?

Tuanze na mtu mwenyewe. Bibi Crutchfield alitoka Georgia akiwa msichana, akapanda treni kuja Kaskazini na kuku wa kukaanga ndani ya boksi la viatu, kama tulivyokuja sisi watu weusi wote. Alipata kazi ya kupiga pasi mashuka ya hospitali, na tangu hapo hajawahi kuona kitu kilichokunjamana akakiacha. Aliolewa na Hosea, fundi wa kiwanda cha chuma, mtu mpole asiyesema sana kwa kuwa maneno yote ya nyumba ile yalikwisha kuchukuliwa. Wakanunua nyumba Pomeroy, Wazungu wa mwisho walipokuwa wanahama kwa haraka mpaka mmoja akasahau paka.

Mwaka uleule Bibi Crutchfield akaanzisha Umoja wa Mtaa, akajichagua mwenyekiti, na mwanzoni mwa mtaa akasimamisha bango: KARIBU POMEROY. HAPA HATUCHEZI MPIRA BARABARANI. HATUOSHI MAGARI NJE. HATUPIGI HONI KUMWITA MTU. HATUKAI BARAZANI NA ROLA ZA NYWELE KICHWANI. HATUZURURI. Bango lilikuwa refu, na mgeni aliyesimama kulisoma mpaka mwisho aliambiwa aondoke kwa kuwa anazurura.

Kiangazi cha mwaka uliopita, polisi walimpiga dereva wa teksi mbele ya watu kwenye Barabara ya Dorset, mitaa miwili kutoka kwetu, na watu wakachoka kuvumilia. Duka la pombe likaungua, duka la dawa likaungua, na kutoka duka la fanicha kochi moja la kijani lilionekana likipanda kilima lenyewe, miguu ya binadamu chini yake. Wapo waliokufa, nao hatuwacheki. Lakini serikali tutaicheka, kwa sababu baada ya moto kuzimika ilianza kufikiri, na hapo ndipo hasara yetu ilipoanza.

Jambo la kwanza ililofanya serikali ni kuzuia magari ya taka yasiingie upande wetu, kwa ajili ya usalama wa madereva. Kitu pekee kilichowahi kuungua Pomeroy ni mbavu za nguruwe za Shemasi Amos Tidwell, anayechoma nyama huku akihubiri. Hata hivyo kwenye ramani ya mji tulipakwa rangi nyekundu pamoja na Dorset, na gari la taka tukawa tunalisikia tu likipita mbali.

Jambo la pili, serikali ilituletea zawadi. Ililetwa bendi. Lilikuja bwawa la kuogelea lenye magurudumu, ambalo maji yake yalimfika mtu mzima kwenye kifundo cha mguu. Walikuja vijana wa chuo wakatupakia ukuta rangi za furaha. Akaja Meya mwenyewe akitembea kwa miguu, koti limening'inia begani kwa kidole kimoja ili tujue anatupenda, wapiga picha wakirudi kinyumenyume mbele yake. Mmoja wao alitumbukia ndani ya bwawa, na hiyo ndiyo siku pekee lilipotumika.

Takataka zikabaki kwenye uchochoro nyuma ya nyumba. Mapipa yalijaa, yakafurika, yakazaa mifuko, na juu ya mifuko wakaja panya wenye vitambi kama madiwani. Bibi Crutchfield alipiga simu mjini.

"Mama, gari haliwezi kuingia eneo la ghasia," akajibiwa.

"Ghasia zilikuwa mwaka jana. Tena si hapa."

"Tunaelewa uchungu wako. Tunaweza kuwaletea tena bendi."

"Bendi itabeba taka?"

"Ni bendi ya jazi, mama."

Akaweka simu chini polepole, kama mtu anayeweka yai.

Angeweza kuvumilia, maana tulikuwa tunavumilia wote, pua zimebanwa. Lakini binti yake Rosalind alikuwa anaolewa Jumamosi ya tatu ya Agosti, na karamu ingefanyika uani kwa Crutchfield, na ua wa Crutchfield unapakana na uchochoro. Bwana harusi, Thaddeus, hakuwa na neno. Neno alikuwa nalo mama yake, Bibi Izora Hargrove, anayekuja kwa treni kutoka Alabama. Bibi Izora alikuwa amepinga tangu mwanzo mwanawe kuhamia Kaskazini, na kwenye simu aliwahi kusema, kwa sauti ya upole ya mtu anayechomeka sindano: "Nasikia huko kwenu mnaishi juu ya taka. Huku kwetu sisi ni maskini, lakini tunafagia."

Vernelle Crutchfield hakulala usingizi mzuri tangu siku hiyo. Kuchomwa moto kwa duka la pombe angelisahau. Lakini aje mwanamke na kofia yake ya kanisani kutoka Alabama, aketi uani pake, avute pumzi moja tu, kisha anyamaze! Kwetu, mama mkwe akinyamaza hivyo, hukumu imeshatoka.

Basi ilipotangazwa kwamba Tume ya Meya itatembelea Pomeroy wiki mbili kabla ya harusi, kuona hali halisi, tukasema bahati imetuangukia. Tume ndiyo ingeamua mtaa upi upewe gari la taka la dharura, na gari lilikuwa moja. Tulichotakiwa kufanya ni kukaa kimya na kuwaachia panya waeleze.

Lakini kuna kitu ambacho watu wetu hatuwezi kukifanya hata tukielekezewa bunduki: kumpokea mgeni nyumba ikiwa chafu. Siku moja kabla ya Tume, Bibi Crutchfield alipita mlango kwa mlango na filimbi. Tulifagia. Tulikata nyasi kwa mkasi. Tulipaka chokaa mawe ya kando ya njia. Maua yakamwagiwa maji, watoto wakapakwa mafuta magotini. Clotee Banks, jirani anayemchukia Bibi Crutchfield kwa moyo wote na anayekaa naye benchi moja kanisani, alisimama na ndoo yake akauliza:

"Vernelle, sasa tukisafisha hivi, hao watu watakuja kuona nini?"

"Wataona sisi ni watu."

"Mimi nilidhani tunataka waone taka."

"Taka ziko nyuma, Clotee. Mgeni hapitishwi nyuma."

Tume ikaja. Mwenyekiti wake alikuwa Profesa Prescott Lindall, mzee Mzungu mwenye kiko na miguu mirefu, ambaye alikuwa ameandika kitabu kinene kuhusu sisi bila kutusumbua kwa kuja kutuona. Aliketishwa barazani. Akaletewa chai baridi, akaletewa keki ya siagi, akaletewa kitambaa cha mezani kilichopigwa pasi mpaka kikasimama. Upepo ulipogeuka na harufu ikaanza kuja kutoka nyuma, Bibi Crutchfield hakusita hata kidogo: alikimbia jikoni akatumbukiza kuku kwenye mafuta ya moto, harufu ya kuku ikaizima ile nyingine, na Tume nzima ikafumba macho kwa raha.

"Na matatizo yenu, Bibi Crutchfield?" akauliza Profesa, makombo kwenye tai. "Zungumza kwa uhuru."

Hosea akakohoa. "Kuna hizo takata..."

Kisigino cha mkewe kikatua juu ya vidole vyake. "Tunamshukuru Mungu," akasema. "Ongeza keki, Profesa. Umekonda."

Alikuwa na mpango wake, na mpango wenyewe ulikuwa wa heshima: mgeni anakula kwanza, anasifiwa, anasindikizwa mpaka kwenye gari, na pale mlangoni ndipo unamwambia shida yako, kama jambo dogo lililokujia sasa hivi. Ndivyo tulivyolelewa. Lakini Profesa hakulelewa hivyo. Alipomaliza keki alitazama saa, akasimama, akasema "Ajabu! Ajabu kabisa!", akaingia garini na kwenda kupiga picha kwenye bwawa. Bibi Crutchfield alibaki kando ya barabara, mdomo wazi, kisahani cha keki ya njiani mkononi.

Matokeo yakatoka wiki moja baadaye. Pomeroy ilitajwa kuwa Mtaa wa Mfano. Tukapewa kibao cha shaba cha kutundika, na yale matangazo kwenye nguzo kuhusu utulivu wa mwenyekiti wetu. Gari la taka la dharura likapelekwa Dorset, ambako, kwa maneno ya Tume, wananchi walikuwa wameeleza mahitaji yao kwa uwazi zaidi.

"Kwa uwazi zaidi!" Clotee alisema. "Walichoma duka, Vernelle. Wewe umewachomea kuku."

Jumapili ile baada ya ibada Umoja wa Mtaa ukaitisha mkutano sebuleni kwa Crutchfield, kwenye makochi yaliyofunikwa plastiki, ambayo mwezi Agosti hukushika mapaja kama mdai. Mwenyekiti alikuwa hajavua kofia ya kanisani. Macho yalikuwa mekundu, ila hakuna aliyethubutu kuyaona. Aligonga meza kwa kinyundo chake.

"Ajenda ni moja. Izora Hargrove anafika Ijumaa jioni. Mnyoosheeni mkono mwenyekiti mkitaka kusema, hatuko sokoni."

Shemasi Tidwell akanyoosha. "Madam Mwenyekiti, natoa hoja kwamba mtaa huu ufanye fujo."

Feni ikazunguka.

"Kuna anayeunga mkono?" akauliza Bibi Crutchfield kwa sauti kavu.

"Naunga," akasema Clotee, "na naomba iandikwe kwamba nimeunga haraka."

"Hoja imeungwa. Mjadala."

Mjadala ukawa mrefu. Mzee mmoja alitaka kujua kama fujo zitakanyaga maua. Dada wa kwaya akaomba ziishe kabla ya mazoezi ya saa moja jioni. Shemasi alipendekeza kuvunja dirisha moja, ikatafutwa nyumba ya kuvunjwa, kila mtu akamtazama mwenzake, na pendekezo likafa lenyewe. Mwingine akauliza tutavaa nini.

"Kwani fujo zina sare, Ndugu?" Clotee akamwuliza.

"Nauliza tu, Dada. Kutakuwa na wapiga picha."

Ndipo Hosea Crutchfield, ambaye hajawahi kusema katika mkutano wowote, akanyoosha mkono. Mkewe alimtazama kwa muda kana kwamba meza ndiyo iliyoomba kuzungumza.

"Ndugu Crutchfield ana nafasi," akasema.

"Tuzibebe taka tuwapelekee barabarani," akasema Hosea, akaketi, na akarudi kwenye ukimya wake mpaka leo.

Hoja ikapita. Hakuna aliyepinga isipokuwa mwenyekiti, aliyepiga kura ya hapana kwa ajili ya heshima yake, kisha akaanza kupanga zamu.

Ijumaa watu walipotoka kazini, Pomeroy ikafanya fujo. Ziliandaliwa vizuri kuliko harusi yenyewe. Mapipa yaliburutwa kutoka uchochoroni na kupangwa katikati ya Barabara ya Lathrop, njia kuu ya magari yanayorudi kwa matajiri, mistari miwili iliyonyooka kwa uzi. Wahudumu wa kanisa, glovu nyeupe mikononi, waliwaelekeza madereva pa kugeukia, wakiwaomba radhi kila mmoja. Kwaya iliimba. Ili iwe fujo ya kweli, Clotee alirusha kabichi lililooza. Liligonga kioo cha gari la Mzungu mmoja, naye Clotee akakimbia na kitambaa akamfutia.

Bibi Crutchfield alikuwa upande wa pili wa barabara, karai kubwa la mafuta juu ya moto, anakaanga kambare kwa unga wa mahindi. Alisema yeye hayumo. Alisema yeye anapika ya harusi ya kesho, na kwamba kama kuna fujo ameziona kwa bahati mbaya. Kila baada ya dakika chache alipaza sauti: "Tidwell! Pipa la tatu limepinda!"

Polisi waliona mistari ile wakaogopa. Fujo walizozizoea hazipangwi. Taarifa ikafika kwa Meya kwamba watu weusi wa Mtaa wa Mfano wamepanga kitu chenye nidhamu, na Meya, ambaye angeweza kutuma gari moja la taka na mtu wa kulipakia, akaomba jeshi la jimbo. Lilikuwa limepiga kambi tangu Juni kwenye uwanja wa besiboli, linasubiri.

Lori likaja. Wakaruka askari chini, bunduki mikononi, wekundu kwa jua. Sajenti wao aliitwa Gunderson, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mtu mwenye madoadoa usoni na shingo ya fahali. Akashika kipaza sauti.

"Tawanyikeni! Barabara hii lazima iwe wazi kabla ya saa kumi na mbili!"

Kwaya ikanyamaza. Shemasi akamtazama Clotee, Clotee akamtazama Hosea. Hapakuwa na zamu ya kujibu.

Bibi Crutchfield akavuka barabara na aproni yake, uma wa kugeuzia samaki mkononi. Alituambia baadaye kwamba alikuwa anaona bunduki ile na nyuma yake anamwona Izora Hargrove akishuka teksi.

"Tutatawanyika, mwanangu," akasema. "Ila mapipa hatuwezi kutawanyika nayo. Tumeyaleta, nguvu zimeisha. Watu hawa wameshinda kiwandani."

"Mama, nina amri."

"Amri inasema nani ayabebe?"

Sajenti akafikiri. Amri haikusema.

"Basi yaondoe wewe. Lori unalo, vijana unao. Tena nikwambie ukweli, na mimi ni mtu mtulivu, soma pale kwenye nguzo: uchochoroni kuna mengine mara nne ya haya. Yakibaki kule, sijui hawa watu watafanya nini kesho. Siwezi kuwazuia."

"Hawawezi kabisa kuzuilika," Clotee akaongeza, akikunja kitambaa chake.

Sajenti Gunderson alikwenda kwenye redio. Tulimsikia akieleza wakubwa wake kwamba kuna hatari ya ghasia mpya, kwamba hatari yenyewe ameiona kwa macho na kuinusa, na kwamba anaomba ruhusa ya kuiondoa. Akapewa. Akampa mwenzake bunduki, akakunja mikono ya shati, na akanusa pipa la kwanza kwa utaalamu.

"Nyumbani tuna nguruwe," akasema. "Hii si kitu."

Walizoa barabara, wakazoa uchochoro, lori likaenda jalalani, likarudi, likaenda tena. Bibi Crutchfield alisimama juu yao. "Kule pembeni, mwanangu. Pembeni. Mamako hakukufundisha kufagia?" Akawapa mifagio. Akawapa maji ya moto na sabuni ya magadi. Panya walihama kwa makundi kuelekea kwenye bwawa. Kazi ilipokwisha, askari walikaa kwenye ukingo wa uchochoro, koplo kwa sajenti, wakala kambare kwa mkate wa mahindi, bunduki zimeegeshwa kwenye ukuta wa Clotee.

Hapo ndipo teksi iliposimama na Bibi Izora Hargrove akashuka, kofia kubwa kama sinia, mkoba kifuani. Alipitia uani, akafika kwenye geti la nyuma, akatazama uchochoro unaong'aa, akatazama askari wa jimbo na mifagio yao. Akavuta pumzi. Tukangoja.

"Vernelle," akasema, "huku kwenu mnazolewa taka na jeshi?"

"Si kila siku, mkwe wangu," akajibu Bibi Crutchfield. "Ijumaa tu."

Izora alikaa kimya, lakini ulikuwa ukimya wa aina nyingine, na baadaye alionekana akimwambia mwanawe kwamba pengine nyumba ndogo ingepatikana mtaa huohuo.

Harusi ilifana. Wiki iliyofuata Tume ya Kutafuta Chanzo cha Hasira ilikaa kikao cha hadhara kwenye ukumbi wa mji, kwa sababu imetokea ajabu: ghasia za Pomeroy zilikuwa za kwanza nchini kuzimwa na jeshi kabla ya chakula cha jioni, bila risasi, bila mtu kukamatwa, na askari wameomba kurudi. Profesa Lindall alikuwa tayari anaandika kitabu kingine. Alimwita Bibi Crutchfield mbele, akamkalisha mbele ya kipaza sauti, naye akakaa, mkoba magotini, glovu nyeupe.

"Bibi Crutchfield," akaanza Profesa, akavuta kiko, "Tume hii imetafakari kwa kina. Je, ilikuwa ni uwepo wa dola ulioleta hofu yenye manufaa? Au ilikuwa kukutana kwa binadamu na binadamu, vijana wa mashambani na wazee wa mjini, kulikoponya jeraha la kihistoria? Au tuseme jamii yenyewe ilikuwa imeshatoa hasira yake na ikawa tayari kwa maridhiano? Wewe uliyekuwepo, tusaidie. Wanajeshi wale walikuwa na kitu gani ambacho sisi wengine, na programu zetu zote, hatukuwa nacho?"

Bibi Crutchfield akalinyoosha vazi lake gotini, mahali palipokuwa pamekunjamana kidogo.

"Walikuja na lori," akasema.